Maksai Akianguka Shambani, Usikimbilie Mchinjaji

(Maneno yaliyozungumzwa na mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya vikundi vya wakulima na kina mama, Amukura, kabla ya msimu wa kulima.)

Nimeombwa niseme juu ya ng'ombe wa kulima aliyeanguka akaumia msuli. Najua wengine wanajiuliza mtu wa huduma za jamii anatafuta nini zizini. Kweli mimi si daktari wa mifugo, na yale ya kitaalamu nitakayosema nimeyapata kwa madaktari wa mifugo na maafisa wa nyanjani niliofanya kazi nao. Lakini kazi yangu ni kutembea nyumba kwa nyumba, kutoka Malaba mpaka Busia mjini, Adungosi, Chakol, Alupe, na nimeona mara nyingi vile nyumba inavyorudi nyuma kwa sababu ya maksai mmoja.

Mambo huenda hivi. Mvua ya Machi imeanza, udongo una utelezi, watu wanaharakishana. Maksai mmoja anakanyaga shimo au anapanda kichuguu, anaanguka na nira shingoni, anainuka akichechemea. Kabla ya saa sita mchana habari imefika sokoni. Jioni mchinjaji yuko kwa boma, anamzunguka ng'ombe, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, huyu hafiki asubuhi. Nipe leo ukiwa na bahati." Bei anayotoa ni nusu, wakati mwingine hata nusu haifiki. Mwenye ng'ombe anaogopa apoteze yote, anakubali. Zile pesa zinalipa deni la duka na karo kidogo, kufikia Ijumaa zimekwisha. Sasa amebaki maksai mmoja, na maksai mmoja halimi. Huyo wa pili naye anauzwa, au anakaa zizini akila bure. Msimu unaofuata ile nyumba inalima kwa jembe la mkono. Mahali palipokuwa ekari tatu za mahindi na mtama, panakuwa nusu ekari ya mihogo. Na kijana wa darasa la saba anaambiwa akae nyumbani wiki mbili asaidie kulima, halafu hizo wiki mbili haziishi.

Na kumbe yule ng'ombe alikuwa amevutika msuli tu. Angepumzika wiki tatu, angelima tena miaka mitano.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona maana ya kukosa maksai. Plau la kukokotwa na ng'ombe lilianza kwa ndugu zetu wa Teso upande wa Uganda, huko Kumi, karibu mwaka 1910, na likavuka kwetu kwa njia ya ukoo na soko. Mtu alimpa shemeji yake ng'ombe aliyekwisha kufundishwa, na shemeji akamfundisha jirani. Halafu kuanzia mwaka 1986, na kwa miaka michache iliyofuata, wizi wa mifugo na vita viliwanyang'anya watu wa Soroti na Kumi karibu ng'ombe wao wote. Wengi wetu hapa tuna jamaa huko. Walirudi kwenye jembe la mkono, mashamba yakaota nyasi, na njaa ikaingia mahali ambapo palikuwa na maghala ya wimbi. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Ni ng'ombe mmoja tu," mimi huwa simwelewi.

Nimetafuta vitabu juu ya misuli ya wanyama wa kazi. Vingi vimeandikwa juu ya farasi. Farasi hapa kwetu hatuna, mbung'o hawakumpa nafasi. Lakini mwili ni mwili. Farasi akianguka huko Ulaya na msuli wake ukavutika, wanafanya yale yale ambayo yanafaa kwa maksai wa Chakol: pumziko, maji baridi, halafu joto, halafu mwendo kidogo kidogo. Tofauti ni kwamba mwenye farasi mara nyingi ana subira kwa sababu hamtegemei kwa ugali. Sisi tunamtegemea, na kwa hiyo tunamharakisha, na hapo ndipo tunapomharibu.

Saa ya kwanza

Maksai akianguka, jambo la kwanza ni kufungua nira. Si kumchapa ainuke. Nimeona vijana wanamvuta mkia, wengine wanaupinda mkia mpaka unavunjika, wengine wanamwagia maji masikioni. Mnyama aliyelala na nira shingoni, na mwenzake amesimama anamvuta upande wa pili, hawezi kuinuka vizuri. Akijaribu kwa nguvu, msuli uliovutika kidogo unachanika kabisa. Fungua nira, toa minyororo ya plau, mpeleke yule mwenzake kando lakini pale anapoonekana, maana ng'ombe waliozoeana hutulia wakionana. Halafu mwache apumue dakika kumi na tano au ishirini. Mara nyingi atainuka mwenyewe.

Ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Ukitaka kumsaidia, hakikisha ardhi iliyo chini ya kwato za nyuma haitelezi. Mwaga nyasi kavu, mchanga au majivu. Watu wawili wanaweza kumsaidia kwa kumshika pale mkia unapoanzia, kwenye shina kabisa, wakati yeye mwenyewe anapoanza kujiinua. Wasimvute kabla hajaanza.

Asipoinuka, basi asilale ubavu. Ng'ombe akilala ubavu kwa muda mrefu tumbo linajaa gesi na anaweza kufa kwa hiyo gesi, si kwa jeraha. Mkalishe kwa kifua, miguu ikunjwe chini yake, umwekee gunia lililojazwa nyasi ubavuni asianguke. Na asikae upande mmoja siku nzima. Uzito wa ng'ombe ni mkubwa, ile nyama ya paja iliyo chini inabanwa, damu haipiti, na baada ya saa sita hivi inaanza kuharibika. Hapo utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Mgeuze kila baada ya saa tatu hivi, na usiku nao angalau mara mbili. Najua ni kazi. Nyumba moja upande wa Adungosi walipangiana zamu kama ya kulinda mahindi, baba, watoto wakubwa na jirani mmoja, na siku ya pili asubuhi yule ng'ombe alisimama mwenyewe.

Mpe kivuli. Mpe maji karibu na mdomo, si kwenye ndoo iliyo mbali hatua kumi. Mlalishe kwenye nyasi nene au udongo laini, si kwenye sakafu ya simiti.

Je, ni msuli kweli?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Si kila ng'ombe anayechechemea baada ya kuanguka ameumia msuli. Na si kila aliyeanguka alianguka kwa utelezi.

Anza na kwato. Kwa ng'ombe, kuchechemea kwingi hutoka chini, kwenye kwato, hata kama unaona ni kama bega. Osha kwato, angalia kati ya vidole viwili. Pengine kuna jiwe, mwiba, kipande cha shina la mahindi, au pameoza na kunuka. Ukitoa mwiba, umemaliza maneno na hukulipa mtu.

Halafu panda juu na mkono wako polepole. Mguu uliovunjika hukunjika mahali ambapo hapana kiungo, au unaning'inia, na ukiugusa unaweza kusikia mifupa inasagana. Nyonga ikitoka mahali pake, mguu unaonekana mfupi kuliko mwenzake na kwato zimegeukia nje. Hayo mawili si ya kutibu nyumbani. Mwite daktari siku hiyo hiyo, na kwa maksai mkubwa mwenye mguu uliovunjika paja au bega, mara nyingi ushauri utakuwa ni kumchinja. Hapo sina maneno mengi, kumtesa wiki mbili halafu afe si huruma. Lakini achinjwe mahali nyama inapokaguliwa, na bei ipatanishwe bila kukimbizwa.

Bonyeza kwa nguvu ngozi iliyo kati ya vidole vya kwato. Ng'ombe mzima atavuta mguu. Asiposikia kitu, huenda mshipa wa fahamu au uti wa mgongo umeumia. Hiyo nayo ni ya daktari.

Msuli uliovutika una dalili zake. Ng'ombe anakanyaga lakini kwa hatua fupi. Sehemu moja ya bega, paja au mgongo imevimba kidogo, ina joto kuliko upande wa pili. Ukibonyeza pale anakaza mwili au anageuza kichwa kukuangalia. Linganisha upande na upande, mkono wa kulia bega la kulia, mkono wa kushoto bega la kushoto. Na muhimu zaidi, anakula. Ng'ombe mwenye msuli uliovutika bado anacheua.

Kama hali, mpime joto. Kipimajoto hakigharimu sana na kikundi kinaweza kununua kimoja. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38 hadi 39 hivi, asubuhi ikiwa chini kidogo. Ikifika 40 na zaidi, usifikirie msuli tena. Fikiria ndigana, homa nyingine, au chambavu.

Hii chambavu nataka mnisikilize vizuri. Inapenda ng'ombe wachanga wenye afya nzuri, wa miezi sita mpaka miaka miwili, yaani wale wale wanaokaribia kufundishwa nira. Jana alikuwa mzima, leo anachechemea, paja limevimba lina joto. Mwenye ng'ombe anasema, "Alianguka malishoni." Lakini pitisha kiganja juu ya uvimbe, utasikia chini ya ngozi kunalia kama karatasi kavu inayokunjwa. Hiyo ni gesi. Mnyama huyo bila tiba ya haraka hufa kwa siku moja au mbili. Akifa, asipasuliwe na nyama isiliwe. Azikwe kwa kina au achomwe, maana ile mbegu ya ugonjwa hukaa kwenye udongo miaka mingi. Chanjo iko, tena ya pamoja ya chambavu na kimeta, na hutengenezwa hapa hapa Kenya na taasisi ya KEVEVAPI. Kuchanja kabla ya mvua ni rahisi kuliko kubahatisha kama uvimbe ni wa kuanguka.

Na yule aliyeanguka kwa sababu ni mgonjwa? Huyo mko naye wengi. Wazee wa Busia na Alupe wanakumbuka mbung'o walivyokuwa wamejaa vichakani na kando ya mito, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na ule mradi wa FITCA wa kupambana nao katika maeneo yetu. Wamepungua, lakini nagana haijaisha. Maksai mwenye nagana anakonda pole pole, manyoya yanasimama, anachoka baada ya mizunguko miwili, halafu anaanguka. Mkulima anatibu bega, na bega halina kosa. Ukiona maksai ameanguka mara mbili kwa wiki moja mahali pasipo na utelezi, pima damu yake kwanza.

Siku za kwanza, na siku zinazofuata

Basi tuseme umehakikisha ni msuli. Siku mbili za kwanza ni za maji baridi. Msuli uliovutika unavuja damu ndani, ndiyo maana unavimba, na baridi hupunguza huko kuvuja. Chota maji ya kisima au ya mtoni, mwagia polepole pale palipoumia dakika kumi na tano hadi ishirini, mara tatu au nne kwa siku. Kama maji ni ya shida, lowesha gunia, liweke pale, na uliloweshe tena likianza kupata joto. Watoto wanaifanya hii kazi vizuri kuliko sisi.

Katika siku hizo usikande, usichue, usipake dawa ya moto, na tafadhali sana usichome kwa chuma. Najua desturi ya kuchoma bega kwa chuma chekundu. Nimeona maksai wenye makovu kama ramani. Mzee akichoma, ng'ombe anapona baada ya wiki tatu, na chuma kinapata sifa. Lakini angepona kwa zile wiki tatu za kupumzika hata bila chuma, maana aliyechomwa bega hawezi kufungwa nira, na kwa hiyo alipumzishwa kwa lazima. Kuchanja kwa wembe ili "damu mbaya" itoke ni hivyo hivyo, isipokuwa wembe unaongeza usaha.

Siku ya tatu au ya nne, uvimbe ukiwa umetulia, geuza uende kwenye joto. Tia kitambaa kwenye maji ya moto ambayo mkono wako wenyewe unaweza kuvumilia, kamua, weka pale dakika kumi na tano, mara mbili kwa siku. Halafu chua kwa kiganja, ukielekea juu upande wa moyo, kwa nguvu kidogo tu. Mafuta ya kupikia yanatosha kulainisha mkono. Ng'ombe atakuonyesha. Ukiwa sawa atashusha kichwa na kufumba macho, ukizidisha atahama.

Kuna jeraha moja la utelezi ambalo lina dawa yake ya pekee. Ni pale miguu ya nyuma inapopanuka, mmoja huku mwingine kule, na misuli ya ndani ya paja inachanika. Ng'ombe huyo akisimama miguu inapanuka tena na anaanguka tena. Mfunge kamba laini, au kitambaa kilichosokotwa, juu kidogo ya kwato za miguu ya nyuma, ukiacha nafasi ya hatua fupi katikati. Anaweza kutembea lakini hawezi kupanuka. Usitumie kamba ya nailoni tupu, inakata ngozi. Akae na kamba hiyo mpaka asimame imara, ukiangalia ngozi kila siku.

Kupumzika si kufungwa kwenye mti siku nzima. Msuli usiotumika kabisa hukauka na kukaza. Kuanzia siku ya nne au ya tano, mtembeze mahali tambarare dakika kumi, asubuhi na jioni. Ongeza kidogo kila siku. Kila asubuhi, kabla ya chochote, mwangalie anavyotoka zizini. Akichechemea zaidi ya jana, jana ulizidisha, rudi nyuma siku mbili.

Vijana wa boda boda mnanielewa. Hii kazi ya kubeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka ilianzia hapa kwetu Busia na Malaba, miaka mingi kabla ya pikipiki. Waulizeni wazee waliobeba abiria na magunia. Paja likivutika, aliyepumzika wiki mbili alirudi barabarani. Aliyemeza dawa ya maumivu akaendelea, wengine wao mpaka leo wanatembea wakivuta mguu.

Ni hiyo dawa ya maumivu ninayotaka kuisema sasa. Ukienda duka la agroveti ukasema ng'ombe ameanguka, mara nyingi utauziwa sindano ya kuua vijidudu, ile ya kawaida ambayo watu wanadunga kwa kila ugonjwa. Haina kazi kwa msuli uliovutika, kama hapana kidonda wala usaha. Umelipa bure, na umewazoesha vijidudu dawa hiyo. Dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zipo, na zinasaidia sana siku za kwanza, lakini ziandikwe na mtu anayejua kipimo. Nyingine za binadamu haziwafai ng'ombe, na zote zina siku za kusubiri kabla nyama haijaliwa. Sheria ya mwaka 2011 inataka anayetibu mnyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwulize kitambulisho chake bila haya. Tangu serikali ilipopunguza huduma za bure kijijini, kila mwenye bomba la sindano anaitwa daktari.

Na hata dawa ikiwa sahihi, isikudanganye. Maksai aliyedungwa leo kesho anatembea kama mzima. Maumivu yamenyamaza, msuli bado haujashikana. Ukimfunga nira siku hiyo, unachana upya.

Muda wake ni upi basi? Msuli uliovutika kidogo, siku kumi hadi kumi na nne. Aliyevimba na kuchechemea sana, wiki nne hadi sita. Msuli uliochanika, hesabu msimu mzima. Ukiona baada ya wiki kadhaa nyama ya bega imenywea, mfupa wa bega unaonekana kama ukingo wa sahani, mshipa wa fahamu wa bega umeumia, na hapo ni miezi, tena si wote wanaopona. Na ukiona mkojo mweusi kama kahawa siku za mwanzo, usingoje kesho. Inaweza kuwa msuli ulioharibika sana au ugonjwa wa kupe, na vyote viwili vinataka daktari.

Wakati wote huo alishwe. Watu wengi wanasema, "Hafanyi kazi, aende akajitafutie." Mnyama anayejenga msuli anataka chakula kizuri kuliko anayefanya kazi. Nyasi ya nepia, majani ya viazi vitamu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, na chumvi ya ng'ombe.

Kumrudisha kwenye nira kuna ngazi zake. Kwanza avae nira na mwenzake bila kuvuta kitu, watembee tu mpaka mtoni na kurudi. Siku kadhaa baadaye wavute gogo jepesi. Halafu plau, kwa saa moja, kwenye shamba lililokwisha kulimwa mara ya kwanza ambapo udongo ni laini. Na mpange upande. Mnajua katika jozi mmoja hutembea ndani ya mtaro wa plau na mwingine juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Yule wa mtaroni hatua zake ni za kupanda na kushuka. Mgonjwa akae juu, na kama hajazoea upande huo, mzoeshe wakati wa gogo, si wakati wa plau.

Hasara ni ya nani?

Sasa nimefika kwa mambo yangu. Wengi hapa hawana jozi kamili. Mmoja ana maksai mmoja, jirani ana mmoja, mjane wa ng'ambo ya kijito ana plau. Wanaunganisha, wanalimiana kwa zamu. Ni mpango mzuri na umelisha watu wengi. Lakini ng'ombe wa huyu akiumia kwenye shamba la yule, ni nani analipa? Hapo sijaona kikundi hata kimoja kilichojiuliza kabla ya mvua. Wanajiuliza ng'ombe akiwa chini.

Nimekaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo mbele ya mzee wa kijiji. Mwenye ng'ombe alidai maksai mpya. Mwenye shamba alisema ng'ombe alikuja akiwa dhaifu. Aliyeshika plau alikuwa kijana wa mtu wa tatu, na alilaumiwa na wote wawili. Mwishowe ng'ombe aliuzwa kwa mchinjaji wakati wanabishana, na zile nyumba tatu hazikulimiana tena misimu miwili. Nyasi ilimea kwa wote.

Kikundi kingine, cha kina mama hasa, waliandika kwenye daftari la shule mambo machache kabla ya msimu. Waliandika kwamba ng'ombe akiumia, anatibiwa kwa pesa za kikundi, si za mwenye ng'ombe peke yake wala za mwenye shamba peke yake. Kwamba yule ambaye shamba lake lilikuwa linalimwa ndiye anayekata nyasi na kuchota maji mpaka ng'ombe atembee. Kwamba mwenye ng'ombe hapotezi zamu yake, wengine wataazima maksai mahali au watamlimia kwa mkono. Kwamba hakuna kuuza mpaka siku kumi zipite na daktari amemwona, isipokuwa mguu umevunjika. Na kwamba aliyemfunga nira ng'ombe anayechechemea, akijua, hasara ni yake. Kila mmoja alitia kidole. Kwa maoni yangu lile la siku kumi ndilo lililofanya kazi zaidi, maana linampa mama mjane jibu la kumpa mchinjaji langoni, na jibu la kumpa shemeji pia.

Ndiyo, nimesema shemeji. Kina baba mnisamehe, lakini ni lazima lisemwe. Mume akifa, maksai aliyeumia ndiye wa kwanza kuondoka kwenye boma. Ndugu za marehemu wanasema wanamwokoa asife bure. Mama hana sauti kwa sababu hakuna karatasi wala shahidi anayesema ng'ombe ni wa nani. Daftari la kikundi linaweza kuandika hilo pia, rangi ya ng'ombe, alama zake, na jina la mwenyewe, likiwa na sahihi za majirani.

Yaliyobaki ni ya kuzuia, na nyinyi mnayajua kuniliko. Msianze kulima na ng'ombe waliotoka kiangazi mbavu nje, walisheni vizuri wiki sita au nane kabla. Limeni kuanzia alfajiri, mfungue nira saa nne au saa tano. Msiunganishe mrefu na mfupi, maana nira inalala upande na mmoja anabeba mzigo wa wawili. Vunjeni vichuguu na zibeni mashimo kabla ya siku ya plau.

Mama mmoja ameniuliza hapa mbele kama ng'ombe jike anaweza kushika nafasi ya maksai mgonjwa. Anaweza, kwa kazi nyepesi, kama hana mimba kubwa na hanyonyeshi ndama mchanga. Maziwa yatapungua, jueni hivyo. Lakini afundishwe mapema, si asubuhi ile ile.

Sasa tutoke nje. Pale chini ya mwembe kuna maksai wawili tulioazimwa, na mmoja wao anachechemea kidogo. Sitawaambia ni yupi. Afisa wa mifugo yuko pale na kipimajoto. Kila mtu atapitisha mkono, kuanzia kwato, halafu tutaona nani amempata.